Nani Humchagua Kiongozi wa Chuo Kikuu?

(Haya ni matini ya mhadhara uliotolewa na mwalimu wa madrasa mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao, Nyarugusu, Geita. Tumeyachapa pamoja na majibu ya maswali mawili yaliyoulizwa baada ya mhadhara.)



  

Wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mnaosubiri majibu ya kujiunga na vyuo. Nimeombwa nizungumzie maisha ya chuo kikuu, na nadhani wengi mlitaraji niseme habari za mikopo, mabweni na marafiki wabaya. Hayo yana watu wake, na wameshayasema vizuri. Mimi nimechagua jambo moja ambalo mzazi haulizi anapouza dhahabu yake ili alipe ada, wala kijana haulizi anapojaza fomu. Yule mtu aliye juu ya chuo chote, ambaye wahadhiri, mitihani, nidhamu na fedha za chuo vyote viko chini ya ofisi yake, amewekwa na nani?

Mtu anaweza kusema kuwa hilo haliwahusu watu wa mashimoni. Naona ni kinyume chake, kwani nyinyi mnalifahamu kuliko watu wa mjini. Tazameni duara. Mwenye kugharamia duara ndiye anayemweka msimamizi, na hakuna anayeona ajabu, kwa sababu fedha ni zake. Lakini walioko chini ndio wanaojua matimba yameoza wapi. Siku wanapopeleka habari juu kwamba matimba yameoza, msimamizi hujikuta kati ya sauti mbili: ya chini inasema tusimamishe kazi, na ya juu inasema mawe yatoke leo. Ataisikiliza ipi? Kwa kawaida ataisikiliza ya yule aliyempa kazi na awezaye kumnyang'anya kesho. Huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini kiti chake kimeelekezwa upande mmoja.

Chuo kikuu nacho kina mwenye kugharamia, nacho kina walioko chini.

MAJINA YANAYOTATIZA

Kabla sijaendelea, tuyaweke sawa majina, maana yanawatatiza hata waliosoma. Katika vyuo vyetu vya Tanzania, anayeitwa Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima. Huja siku ya mahafali amevaa joho, hutunuku shahada, kisha huondoka. Kiongozi wa taaluma hasa, anayelala na kuamka na shughuli za chuo, huitwa Makamu Mkuu wa Chuo. Basi msidanganywe na neno "makamu". Huyo ndiye tunayemzungumzia leo.

Chini yake pale Mlimani wapo marasi wa ndaki na maamidi wa shule kuu. (Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tulifurahi kulikuta neno "amidi" pale, maana ndilo tulilolizoea, na "rasi" ni kichwa, msidhani ni rasi ya baharini.) Pembeni kuna vyombo viwili. Baraza la Chuo husimamia mali, sera na ajira, na humo hukaa wawakilishi wa Serikali na wa makundi mengine. Seneti ni mkutano wa wanataaluma, nao husimamia masomo, mitihani na shahada. Yashikeni haya mawili, Baraza na Seneti, kwa kuwa hoja yangu yote imesimama hapo.

MLIMANI

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kisha mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1970 muungano huo ulivunjika, na kila nchi ikabaki na chuo chake.

Hapo ndipo swali letu lilipojibiwa kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Mkuu wa Chuo akawa Rais mwenyewe, Mwalimu Nyerere. Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU, na kabla ya hapo alikuwa Katibu wa Bunge. Yaani kiongozi wa taaluma alitoka katika ofisi ya chama.

Inafaa kukumbuka Mwalimu alisoma wapi. Kuanzia 1949 hadi 1952 alikuwa Edinburgh, Scotland. Katika vyuo vile vya kale vya Scotland kuna cheo kiitwacho Rekta, na wanafunzi hupiga kura kumchagua. Pale Edinburgh Rekta ndiye anayeongoza kikao cha baraza la chuo. Mwaka 1951, Nyerere akiwa mwanafunzi pale, alichaguliwa Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini. Kwa hiyo Mwalimu hakuwa mtu asiyejua kwamba watu wa chuo wanaweza kupiga kura. Alijua, na akachagua njia nyingine kwa sababu alizoziona. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, fedha zote za chuo zilitoka kwa wakulima, na aliogopa kuwa wasomi wangejitenga na umma. Sababu hizo si za kudharauliwa. Mkulima wa pamba wa Sukuma aliyelipia chuo kile alikuwa na haki ya kusikilizwa juu yake.

Lakini tazameni matokeo yake. Mwezi Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi ya kulalamikia uendeshaji wa chuo. Alifukuzwa, na askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia wakaingia chuoni kumchukua. Wanafunzi waligoma, na wako wahadhiri waliokaa upande wao. Sisemi kuwa Mzee Msekwa hakuwa hodari. Nchi inamjua, na baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa zaidi ya miaka kumi. Nasema tu kwamba barua ile ilitoka chini, na kiti kilielekea juu.

Aliyemfuata mwaka 1977, Ibrahim Kaduma, alitoka katika uwaziri wa mambo ya nje. Aliyefuata mwaka 1980, Nicholas Kuhanga, alikuwa waziri wa elimu. Makamu Wakuu watatu wa mwanzo, wote wakatoka katika chama na Serikali. Ilichukua mpaka mwaka 1988 kwa mwalimu wa chuo kukikalia kiti hicho, naye ni Profesa Geoffrey Mmari, mtu wa hisabati na elimu. Baada yake akaja Profesa Matthew Luhanga, mhandisi, aliyekaa tangu 1991 hadi 2006, kisha Profesa Rwekaza Mukandala wa sayansi ya siasa hadi 2017, kisha Profesa William Anangisye wa elimu.

Kadhalika cheo cha Mkuu wa Chuo kilitoka mikononi mwa Rais aliye madarakani. Balozi Paul Bomani alikishika, kisha Balozi Fulgence Kazaura, na mwaka 2016 akateuliwa Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Sheria ya Vyuo Vikuu Na. 7 ya mwaka 2005 iliunda Tume ya Vyuo Vikuu na kutaka kila chuo kiwe na Hati Idhini yake. Ya Mlimani ni ya mwaka 2007.

Hatua hiyo ni kubwa, tusiikanushe. Kiongozi wa wanazuoni sasa ni mwanazuoni. Lakini taarifa ya uteuzi wa Desemba 2017 ilitoka Ikulu, na mhadhiri wa kawaida pale Mlimani hapigi kura ya kumchagua Makamu Mkuu. Mtu ametoka chini, ila anayemwita bado yuko juu.

MAKERERE NA NAIROBI

Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2001 ilisema hivi: iundwe kamati ya watu watano ya kutafuta, wawili kutoka Baraza na watatu kutoka Seneti. Kamati ipokee waombaji na kuwachuja. Seneti ipendekeze majina matatu. Baraza litoe pendekezo lake kutoka katika hayo matatu, na Mkuu wa Chuo ateue. Muda ni miaka mitano, na anaweza kuongezewa mara moja tu. Tena Rais wa nchi hakuwa Mkuu wa Chuo tena. Yoweri Museveni aliachia kiti hicho mwaka 2003, kikachukuliwa na Profesa Apolo Nsibambi. Profesa huyo wakati ule alikuwa Waziri Mkuu, kwa hiyo aliyetaka kucheka alikuwa na haki ya kucheka kidogo. Hata hivyo mlango ulifunguka, na mwaka 2004 Profesa Livingstone Luboobi, mwanahisabati, akashika uongozi.

Ninachokipenda katika sheria ile ni hesabu ya wale watano. Wanataaluma ni watatu na wenye mali ni wawili. Mwenye kugharamia yumo ndani, lakini hawezi kuwazidi wanaoijua kazi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kura ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2019, chini ya uongozi uliopatikana kwa utaratibu huo huo, mwenyekiti wa chama cha wahadhiri wa Makerere alisimamishwa kazi na mzozo ukawa mkubwa. Kura humleta kiongozi. Haimlindi anayemkosoa kesho yake. Hilo linataka kanuni nyingine.

Kenya ina kisa ambacho ningependa kila kijana hapa akikumbuke. Mpaka mwisho wa utawala wa Moi, Rais alikuwa Mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki aliviacha viti hivyo. Mwaka 2005 Profesa George Magoha, daktari wa upasuaji, akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi kupatikana kwa nafasi kutangazwa na waombaji kushindanishwa. Alisifika kwa ukali na kwa kazi. Miaka 15 baadaye, Januari 2020, Magoha huyo huyo akiwa waziri wa elimu, Baraza la chuo kile kile lilimteua Profesa Stephen Kiama baada ya usaili. Waziri akafuta uteuzi huo na kulivunja Baraza. Suala likafika mahakamani, amri ya waziri ikasimamishwa, na hatimaye Kiama akaendelea na kazi.

Magoha amekwishafariki, tangu Januari 2023, nasi hatumsemi marehemu kwa ubaya. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kuwa jambo hili si la tabia ya mtu. Alipokuwa chini alinufaika na mlango ulio wazi. Alipokuwa juu aliuona mlango ule kama kikwazo. Mtu ni yule yule, kiti ndicho kilichobadilika.

MISRI NA UTURUKI

Nitoke kidogo Afrika Mashariki, kwa kuwa vijana wetu wengine huelekea huko.

Uturuki, kuanzia mwaka 1992, wahadhiri walipiga kura ya rekta wa chuo chao, majina sita yakapelekwa kwenye bodi ya elimu ya juu, bodi ikabakisha matatu, na Rais akachagua mmoja. Ni mfano wa Makerere, ila tundu lake ni pana zaidi: Rais hakulazimika kumchukua wa kwanza. Mwaka 2016 katika Chuo Kikuu cha Boğaziçi, mwanamama aliyepata asilimia 86 ya kura hakuteuliwa, na mwaka huo huo kura zenyewe zikafutwa kwa amri. Januari 2021 chuo kile kililetewa rekta kutoka nje, wahadhiri wakasimama uwanjani wakimpa mgongo, na kabla ya miezi saba kwisha akaondolewa na yule yule aliyemleta.

Misri, baada ya mapinduzi ya 2011, wahadhiri wa vyuo vya serikali waliwachagua marais wa vyuo na maamidi wao kwa kura. Mwaka 2014 haki hiyo ikaondolewa. Al-Azhar ina habari yake peke yake. Sheria Na. 103 ya mwaka 1961 ilimpa Rais wa nchi uwezo wa kumteua Sheikh wa Al-Azhar, na Baraza la Wanazuoni Wakubwa likaondoka. Januari 2012 baraza hilo lilirejeshwa, likiwa na wajumbe wasiozidi 40, nalo likapewa kazi ya kumchagua Sheikh kwa kura ya siri. Sheikh Ahmad at-Tayyib, aliyewekwa na Rais Mubarak Machi 2010, hakupitia kura hiyo. Lakini Februari 2013 wanazuoni hao walimchagua Mufti wa Misri, Sheikh Shawqi Allam, kwa kura ya siri.

Kwa maoni yangu huo ndio utaratibu ulio karibu zaidi na haki, kwamba wenye ilimu wamchague mwenye ilimu, kisha dola itie saini. Una upungufu wake, kwani wajumbe wa mwanzo waliteuliwa na Sheikh mwenyewe, na mwenye kuteua wapiga kura amekwishapiga nusu ya kura.

WALE SITA WA MADINA

Kuna jambo ambalo maulamaa wetu waliliandika zamani chini ya jina la watu wa kufungua na kufunga. Sayyidna Umar (r.a.) alipojeruhiwa mwaka 23 Hijria, aliwaacha watu sita wachague mmoja kati yao. Mwanawe Abdullah aliruhusiwa kushauri, hakuruhusiwa kuchaguliwa. Na katika wale sita, Abdurrahman bin Auf (r.a.) alijitoa kwanza katika kugombea, ndipo akapewa kazi ya kuwauliza watu. Alizunguka Madina akiuliza wakubwa na wasio wakubwa.

Nalitaja hili kwa ajili ya kitu kimoja tu, ambacho nakiona kinakosekana katika kamati nyingi za siku hizi: anayetafuta asiwe anayetafutwa. Mara ngapi tumesikia mwenyekiti wa kamati ya kumtafuta kiongozi ndiye aliyeibuka kiongozi?

NYUMBANI KWETU

Tumeisema Serikali, na sisi je? Mwaka 2004 Serikali ya Rais Mkapa iliwakabidhi Waislamu majengo ya kilichokuwa chuo cha TANESCO mjini Morogoro, na mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kikafungua milango. Nyegezi, Mwanza, karibu nasi, wenzetu Wakatoliki wana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilicho chini ya Baraza lao la Maaskofu. Katika vyuo vya namna hii mwenye chuo ndiye mwenye neno kubwa, na kwa kiasi fulani ni haki yake, kwa kuwa anaogopa chuo kisipoteze lengo lililokianzisha. Lakini mhadhiri wa fizikia ana mambo anayoyajua ambayo mdhamini hayajui, na anayepaswa kuulizwa "huyu anaweza kusimamia mitihani isivuje?" ni yeye.

Nasi huku chini, katika shule zetu, mara nyingi aliyejenga madarasa mawili kwa fedha ya dhahabu ndiye anayetaka mpwa wake awe mwalimu mkuu. Walimu hunyamaza kwa kuwa mishahara yao hutoka mfukoni kwake. Mfadhili huyo ana thawabu zake kwa alichokitoa. Kuwajua walimu ni jambo jingine, na aliyefundisha pamoja na mtu kwa miaka mitano anamjua kuliko mjomba wake.

MASWALI

Swali la kwanza liliulizwa na kijana: Je, wanafunzi nao wapige kura ya kumchagua Makamu Mkuu?

Jibu: Hapa najua sitawapendeza vijana. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu au minne, mhadhiri hukaa thelathini. Sioni kuwa kura zao ziwe sawa. Lakini kumfungia mwanafunzi nje kabisa ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu chuo kinapofungwa yeye ndiye anayebeba sanduku. Mwaka 1990 Mlimani ilipofungwa, wanafunzi walirudishwa makwao, wala hawakuulizwa. Wawepo basi wawakilishi wao ndani ya kamati ya kutafuta, wenye kura na si wa kukaa pembeni kusikiliza. Wasailiwa waulizwe na wanafunzi mbele ya watu, na majibu yao yaandikwe.

Swali la pili liliulizwa na mzazi: Mimi mwanangu amechaguliwa kwenda chuo. Nitajuaje chuo hicho kinampataje kiongozi wake?

Jibu: Mzee wangu, kila chuo kikuu chenye ithibati kamili kina Hati Idhini. Mwambie kijana wako akifika aiombe aisome, hasa sehemu inayohusu uteuzi wa Makamu Mkuu, Baraza na Seneti. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, kwa hiyo akae nayo na mwenzake anayesoma sheria. Aangalie mambo matatu: nani anapendekeza majina, kuna wanataaluma wangapi ndani ya kamati, na muda wa kiongozi una mwisho au hauna. Akirudi likizo, aje hapa atusomee alichokikuta, tukilinganishe na vya wenzake.